Watoto walale mapema, wazazi wapate kuzungumza



Wapendwa Taifa la Mungu, katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza katekista alituletea habari ya mtoto wa miaka 9 ambaye kila Jumamosi, akishakaa kwenye benchi, haupiti muda mrefu kabla hajasinzia. Alikwisha kumwonya, alikwisha kumsimamisha, hata alimpa adhabu ya kufagia uwanja wa kanisa. Mtoto alifagia vizuri, akarudi darasani, akalala tena.

Juma lililofuata tuliwatembelea wazazi wake. Tulikaribishwa kwa uchangamfu, tukakaa hadi saa 3 na nusu usiku, na muda wote huo mtoto yule na wadogo zake wawili walikuwa sebuleni pamoja nasi, macho yao kwenye televisheni. Tulipouliza watoto hulala saa ngapi, mama alijibu kwa unyofu: "Baba, hapa kwetu hakuna saa. Usingizi ukimkamata mtu, analala." Tukauliza tena: na ninyi wawili, mume na mke, huzungumza saa ngapi? Baba akatazama sakafu. Mama akacheka kidogo, kisha akanyamaza.

Njiani kurudi parokiani tulitambua kwamba maswali yale mawili yalikuwa swali moja. Nyumba isiyo na saa ya watoto kulala haina pia saa ya wazazi kuwa mume na mke. Katika makala hii tunapenda kueleza kwa nini kuwapangia watoto saa ya kulala ni tendo la malezi na, papo hapo, ni tendo la kuitunza Sakramenti ya Ndoa.

Usingizi ni zawadi ya Mungu

Siku hizi anayelala mapema huonekana mvivu, na anayekesha huonekana mchapakazi. Maandiko Matakatifu yanatufundisha vingine. Zaburi ya 127 inatukumbusha kwamba kuamka alfajiri na kuchelewa kulala ni kazi bure iwapo Bwana hayumo katika shughuli za mtu, na kwamba usingizi wenyewe ni zawadi ya Mungu kwa wale awapendao. Zaburi ya 4, ambayo Mama Kanisa huisali katika sala ya mwisho ya siku, ni sala ya mtu anayejilaza kwa amani kwa sababu anamfahamu anayemlinda. Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe, kama anavyosimulia Mwinjili Marko, alilala chomboni huku dhoruba ikivuma. Anayelala anakiri kwamba ulimwengu unaendeshwa na Mungu, wala haumtegemei yeye akeshe ili usianguke. Mtoto anayezoezwa kulala kwa wakati anafundishwa imani hiyo kabla hajaweza kuitamka.

Mwili nao, ambao ni kazi ya Muumba huyo huyo, una mahitaji yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linaelekeza kwamba mtoto wa miaka 3 hadi 4 apate usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 12, madaktari bingwa wa usingizi nchini Marekani walipendekeza mwaka 2016 saa 9 hadi 12, na kwa vijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Ni katika usingizi mzito ambapo mwili wa mtoto hutoa kwa wingi homoni ya ukuaji, na ni usingizini ambapo ubongo hupanga na kuhifadhi yale yaliyofundishwa mchana.

Tufanye hesabu ndogo. Katika miji yetu mikubwa, mtoto anayefuatwa na basi la shule kabla ya mapambazuko huamshwa saa 11 alfajiri. Ili apate saa 9, ambazo ni kiwango cha chini kabisa kwa umri wake, ni lazima awe amelala saa 2 usiku. Akilala saa 4, amepata saa 7 tu. Kila usiku anakosa saa 2, na siku tano za shule zikiisha, deni limefika saa 10, yaani zaidi ya usiku mmoja mzima. Yule mtoto wa mafundisho hakuwa mkaidi. Alikuwa akilipa deni la juma zima, na alililipa Jumamosi, mbele ya katekista.

Kupanga saa ni kazi ya mzazi

Katika sura ya 6 ya Kumbukumbu la Torati, Musa anawaagiza Waisraeli wawafundishe watoto wao maagizo ya Mungu nyumbani na safarini, wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Kumbe saa ya kulala ni kipindi cha katekesi, na mwalimu wake ni mzazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2225, inafundisha kwamba kwa neema ya Sakramenti ya Ndoa wazazi wamepokea wajibu na heshima ya kuwainjilisha watoto wao. Kazi hiyo haifanyiki ikiwa mtoto huangushwa na usingizi juu ya kochi, kisha akabebwa hadi kitandani kama furushi, bila sala, bila kuagana na mtu yeyote.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila kulisoma popote. Katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta jua huzama mapema mwaka mzima. Baada ya chakula cha jioni watoto walikusanyika kwa bibi, wakasikiliza hadithi moja au mbili, na usiku ukawachukua. Wazee walibaki wakizungumza mambo yao. Umeme umetuletea mema mengi ambayo hatuwezi kuyakataa, lakini umetunyang'anya ule mpaka ambao jua lilituwekea bure. Mpaka huo sasa ni lazima uwekwe na baba na mama.

Kuuweka kunahitaji upole na uthabiti kwa pamoja. Wapo wazazi wanaotumia kitanda kama adhabu: mtoto akikosea huambiwa, "Nenda kalale!" Mtoto wa namna hiyo atauchukia usingizi kama anavyoichukia fimbo. Wapo pia wanaopingana mbele ya mtoto, mama akisema saa 2 na baba akisema "mwache kidogo". Mtoto ana akili: akigundua kwamba kilio humpatia nusu saa, atalia kila usiku. Samaki mkunje angali mbichi. Saa ikikwisha kukubaliwa na wazazi wote wawili, isimamiwe na wote wawili, kwa sauti ya kawaida, leo kama jana.

Hata hivyo, utaratibu ni kwa ajili ya mtoto, wala mtoto hakuumbwa kwa ajili ya utaratibu. Katika sura ya 11 ya Injili ya Luka, Bwana anasimulia juu ya mtu aliyegongewa mlango na rafiki yake usiku wa manane. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba mlango umefungwa na watoto wako kitandani. Nyumba ile ilikuwa na saa yake. Lakini mwishowe aliamka akampa rafiki yake mikate aliyoihitaji. Vivyo hivyo mtoto mwenye homa, mtoto aliyeota ndoto ya kutisha, mtoto mchanga anayenyonya, hao hufunguliwa mlango saa yoyote. Saa ya kulala hufungwa dhidi ya mazoea mabaya, haifungwi dhidi ya mahitaji.

Mume na mke nao wahitaji saa yao

Katika ofisi ya parokia tunawapokea wanandoa wengi ambao ndoa zao zimefika pabaya. Yapo yanayoanza kwa kosa kubwa, lakini mara nyingi mambo huanza kwa ukimya. Tukiwauliza kama huzungumza, hujibu kwamba huzungumza kila siku, na ni kweli: ada, kodi ya nyumba, luku imekwisha, mtoto ana kikohozi. Hayo ni mazungumzo ya lazima, lakini ni mazungumzo ya wasimamizi wawili wa kituo kimoja. Hakuna anayemwuliza mwenzake anaogopa nini, ameumizwa na nini, anamshukuru Mungu kwa lipi. Miaka inapita hivyo, na siku mtoto wa mwisho anapokwenda shule ya bweni, mezani hubaki watu wawili wasiofahamiana. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wazazi wengine huona haya kudai muda wao. Hudhani kwamba mzazi mwema ni yule anayewapa watoto kila dakika, na kwamba kuwalaza mapema ili kukaa na mwenzi ni uchoyo. Tunapenda kuwatoa hofu. Ndoa ndiyo iliyowaleta watoto hao, na ndiyo paa walilo chini yake. Mtoto hupata utulivu wa moyo anapowaona wazazi wake wakipendana, na hupatwa na wasiwasi, hata akiwa mdogo sana, anapohisi kwamba kati yao kuna baridi. Saa moja ambayo baba na mama wanakaa pamoja baada ya watoto kulala haijaibwa kwa watoto. Wamewekewa akiba.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alisisitiza kwamba upendo wa wanandoa huhitaji muda, na aliwahimiza wawe na mazoea madogo ya kila siku, kama kupeana busu asubuhi na kubarikiana usiku. Mtume Paulo anawaasa Waefeso kwamba hasira isiendelee kukaa moyoni baada ya jua kuchwa, na anawaambia wanandoa wa Korintho wasinyimane, isipokuwa kwa mapatano, kwa muda, kwa ajili ya sala. Je, mapatano hayo yatafanyika saa ngapi, ikiwa watoto wako macho hadi wazazi wenyewe wanapozidiwa na usingizi? Wanandoa wanaofuata njia za asili za kupanga uzazi wanajua kwamba njia hizo hazifanyi kazi pasipo mazungumzo tulivu kati ya mume na mke. Na katika sura ya 8 ya Kitabu cha Tobiti tunawaona Tobia na Sara, mlango wao ukiwa umefungwa, wakisimama kusali pamoja kabla ya kulala. Ndoa yao ilianza kwa saa iliyotengwa kwa ajili yao wawili na Mungu wao.

Vikwazo tunavyovifahamu

Tunajua wapo watakaosema, "Baba, hayo ni ya watu wenye nyumba kubwa." Familia nyingi katika parokia zetu zinaishi katika chumba kimoja, na pazia ndilo ukuta. Lakini nyumba ya yule mtu wa Injili ya Luka nayo inaonekana haikuwa na nafasi kubwa, maana watoto wake walikuwa wamelala pamoja naye. Penye chumba kimoja, watoto walale kwanza, taa ipunguzwe, redio izimwe, kisha wazazi watoke wakae kibarazani na birika lao la chai. Jirani watawaona wakizungumza. Huo nao ni ushuhuda.

Wapo wazazi ambao kazi huwarudisha nyumbani usiku: dereva wa daladala, mfanyabiashara wa sokoni, nesi wa zamu. Baba anayeingia saa 3 hutamani watoto wamsubiri, na tamaa hiyo ni njema. Lakini anayesubiriwa na watoto waliochoka hupata vilio na ugomvi. Ni afadhali apige simu saa 2 kasoro, aseme nao sala fupi na kuwabariki kwa sauti yake, kisha akutane nao alfajiri wakati wa uji, na Dominika baada ya Misa awe wao kabisa.

Wapo pia wanaolea peke yao: wajane, walioachwa, bibi wenye wajukuu. Hawa wanahitaji saa hiyo kuliko wengine wote, ili wapumzike na kusali, au wampigie simu ndugu wa kuwasikiliza. Tumkumbuke Mtakatifu Louis Martin, aliyetangazwa mtakatifu pamoja na mkewe Zélie tarehe 18 Oktoba 2015. Zélie alifariki mwaka 1877, akimwachia mumewe mabinti watano. Mdogo wao, ambaye ndiye Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, alieleza baadaye katika simulizi la maisha yake kwamba katika sala ya jioni alipiga magoti karibu na baba yake, na kumtazama tu kulitosha kumwonyesha jinsi watakatifu wanavyosali. Nyumba ile ilikuwa na msiba, lakini utaratibu wa jioni ulibaki.

Kuna tamthilia na simu. Mwanga wa kioo cha simu huuchelewesha ubongo kutambua kwamba usiku umeingia, na vipindi vingi vinavyoonyeshwa saa hizo havifai kwa watoto. Vijana wa sekondari hawawezi kulala pamoja na wadogo zao, kwa kuwa wana masomo ya jioni. Lakini nao wanaweza kukabidhi simu saa 3 na kuendelea na madaftari yao. Wazazi wawatangulie kwa mfano. Watoto wakilala, kisha baba akashika simu yake na mama yake, hiyo si jioni ya wazazi. Wala si jioni ya wazazi ikiwa baba ameondoka kwenda kilabuni huku mama akibaki na vyombo. Vyombo vioshwe na wawili, mazungumzo yataanzia hapo.

Mwisho, sisi wachungaji nasi tujitazame. Mazoezi ya kwaya yanayokwisha saa 3 usiku, vikao vya kamati visivyo na mwisho, ibada za jumuiya zinazoanza kwa kuchelewa huku watoto wamelala migongoni mwa mama zao, hayo yote ni sisi tunayoyaruhusu. Hata usiku ule tulipomtembelea mtoto aliyekosa usingizi, sisi ndio tuliomzidishia kukesha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulituambia kwamba familia ni Kanisa la nyumbani. Basi Kanisa la parokia lisilinyang'anye Kanisa hilo saa yake ya sala. Tunawaomba viongozi wa jumuiya na vyama vya kitume wajitahidi kumaliza shughuli zao kabla ya saa 1 jioni.

Namna ya kuanza

Mume na mke wakubaliane kwanza, watoto wakiwa hawapo. Wahesabu kutoka saa ya kuamka kurudi nyuma, wapate saa ya kulala. Ikiwa watoto wamezoea saa 4, wasirukie saa 2 kwa usiku mmoja: wapunguze robo saa kila baada ya siku chache. Chakula kiliwe mapema, televisheni izimwe walau nusu saa kabla, kisha kuoga na kupiga mswaki. Likizo isivuruge kila kitu.

Ndipo ifike sala, fupi, inayolingana na umri. Mtoto afanye ishara ya msalaba, ataje jambo moja la kumshukuru Mungu na kosa moja la kuomba msamaha, asali Baba Yetu, Salamu Maria na sala kwa Malaika Mlinzi. Mzazi amchoree ishara ya msalaba kwenye paji la uso. Mtoto anayezoea hivyo, siku akipiga magoti katika kitubio, hatakuwa mgeni wa kuchunguza dhamiri.

Watoto wakishalala, wazazi wakae. Si lazima kila usiku uwe wa mazungumzo mazito. Nusu saa inatosha kwa kuanzia: swali moja la kweli, samahani moja ikihitajika, na sala moja ya pamoja kabla ya kuzima taa. Zikiwezekana siku mbili kwa juma, mshukuruni Mungu kwa hizo mbili.

Tulipita tena katika nyumba ile miezi michache baadaye, safari hii kwa muda mfupi. Mama alitusindikiza hadi mlangoni, akazungumza kwa sauti ya chini kwa kuwa watoto walikuwa wamekwisha kulala. "Baba," alisema, "wiki ya kwanza hatukuwa na la kusema. Tulikaa tu." Kisha akaongeza kwamba wiki ya pili mumewe alimweleza jambo la kazini lililokuwa limemsumbua tangu mwaka uliopita, ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Mtoto naye bado husinzia Jumamosi moja moja. Katekista ameacha kumpa ufagio.

Wapendwa, usiku wa leo utaingia kama ulivyoingia jana. Familia Takatifu ya Yesu, Maria na Yosefu iziombee familia zetu, ili watoto wetu walale kwa amani, na baba na mama, watoto wakiwa wamelala, waonane tena. Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.